Kabati la Mjerumani

"Mali ya Mjerumani!" anapaza dalali Mugeta,
na ghala la pamba la zamani pale Igogo linanyamaza,
hata mpima dagaa nje ya mlango
anaushika mzani usicheze.
"Mvule mtupu! Rafu nne, droo kumi na nane!
Mchwa wameliogopa miaka mia na ushei!
Laki mbili, nani ananipa laki mbili?"

Mimi ninazo laki tatu na themanini,
noti za kikoba, nimezifunga pindoni mwa khanga,
na kabati hili nalijua
tangu lilipokuwa refu kunipita.

Mjerumani huyo aliitwa Ng'habi,
mzaliwa wa Nyanguge, fundi wa mkono wa kushoto,
penseli sikioni hata msibani.
Alilichonga kwa ajili ya karani wa chama cha pamba,
mtu aliyetaka kila kijiji kiwe na droo yake,
stakabadhi za Magu zisilale na za Kwimba.
Mbao zilivuka kutoka Ukerewe zikiwa mbichi.
Matako ya droo ni masanduku ya chai:
ukiipindua ya tano utaona nusu ya herufi,
na tembo asiye na kichwa.

Watu wa pwani, nasikia,
droo huiita mtoto wa meza.
Basi hili lilipata watoto kumi na wanane bila mkunga.
Bibi alizaa saba, wakabaki wanne.
Na babu, akiulizwa ana watoto wangapi,
alijibu, bila kucheka: ishirini na wawili.

"Laki tatu!"
Nikanyoosha mkono.
"Tatu na nusu!"
Nikanyoosha tena, kwapa likinitoka jasho.
Kisha Mugeta akamtaja Mjerumani,
na kila alipomtaja bei ilipanda elfu hamsini.
Mti wa Ukerewe haukutajwa.
Mkono wa Nyanguge haukuongeza hata senti.

Ningeweza kusema.
Jamani, chomoeni ya tisa, igeuzeni, someni.
Bei ingeporomoka hadi pindoni mwangu.
Lakini hebu niambie wewe,
nimtaje babu ili ashuke thamani?
Nikaumeza ulimi. Ulikuwa mchungu kama mlonge.

Mara ya kwanza. Mara ya pili.
Milioni moja na laki moja, mara ya tatu,
limekwenda kwa Mama Kokubanza
anayefungua nyumba ya wageni Capri Point.
Atapanga mataulo. Atapanga glasi.

Wabebaji wakaanza kuchomoa droo kupunguza uzito.
Ya tisa ikagoma.
"Hii imekufa?" akauliza mama, akivuta kwa miguu miwili.
Haijafa, nikamwambia. Masika huvimba.
Usiivute kwa hasira, inyanyue kidogo,
kama unavyomwamsha mtoto aliyelala na njaa.

Ikaja.
Akaipindua. Penseli bado ilikuwa inang'aa:
*Ng'habi. 1961. Karani bado sh. 40.*

Akasoma. Akarudia kusoma.
Akamtazama Mugeta, aliyekuwa analowesha kidole kuhesabu noti,
kisha akaitazama khanga yangu, lile fundo.
"Ng'habi ndiye nani?"
"Ndiye Mjerumani," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.
Halafu, akijifuta macho, akafungua pochi,
akanipa sarafu ya mia mbili.
"Shika. Lisije likalala kwangu na deni."
Nikaipokea kwa mikono yote miwili,
maana haikuwa sadaka.

Chenji yake ni mia na sitini.
Mia ninayo, hamsini ninayo,
kinachonisumbua ni ile kumi:
siku hizi haionekani hata kwenye kapu la kanisa.
Nikiipata nitapanda Capri Point,
nitagonga, nitasema nimeleta chenji,
na wakati anahesabu
nitapita kuiona ya tisa,
kama wanainyanyua kwanza,
au wanaivuta tu.